DAMU YAKO YASEMA NINI KABLA YA KUPASULIWA?

Ndugu msomaji, huenda nyumbani mwako yumo mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, naye amekwisha kuambiwa kwamba yampasa kupasuliwa. Kabla ya siku hiyo atatolewa damu, pengine mara mbili au tatu. Wazee watanung'unika: "Mgonjwa mwenyewe hana damu, mbona mnazidi kumpunguzia?" Usiogope. Damu ile ni kidogo, lakini habari zake ni kubwa.

Kwanza hupimwa wekundu wa damu. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamume aliye chini ya gramu 13 katika desilita, na mwanamke asiye mja mzito aliye chini ya gramu 12, wamepungukiwa damu. Saratani hii huvujisha damu kidogo kidogo utumboni, mara nyingine bila kuonekana chooni, hata madini ya chuma yakaisha mwilini. Mtu akipasuliwa katika hali hiyo, ni rahisi zaidi ahitaji kuongezewa damu, na apate matatizo baadaye. Lakini dawa ipo: madini ya chuma ya kumeza, au ya kutiwa mshipani.

Pili hupimwa albumini, protini itengenezwayo na ini. Ikiwa chini ya gramu 35 katika lita, daktari hujihadhari, kwa kuwa pale utumbo ulipounganishwa huelekea zaidi kuvuja, na kidonda kutunga usaha. Wala usidhani sababu ni njaa tu. Ugonjwa wenyewe pia huishusha.

Kwa hiyo hupimwa na protini nyingine iitwayo CRP, ambayo hupanda mwili unapopigana na maradhi. Madaktari wa Glasgow, Scotland, waliziunganisha mbili hizi: CRP ikizidi miligramu 10 katika lita, na albumini ikiwa chini ya 35, mgonjwa hupewa alama 2, yaani ni wa kuangaliwa sana.

Baada ya kupasuliwa CRP hupanda kwa kila mtu. Lakini ikiwa bado iko juu siku ya 3 hata ya 5, daktari hutafuta kama mshono umevuja, pengine kabla mgonjwa hajazidiwa.

Basi, je, hesabu mbaya ni hukumu ya kifo? La, hasha! Ni onyo, ili mgonjwa atengenezwe kwanza na kuangaliwa vizuri zaidi.

Wewe nawe una kazi. Uliza majibu ya damu na maana yake. Mtajie daktari dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Acha sigara. Kula vizuri kadiri uwezavyo: mayai, samaki, maharagwe. Na zaidi ya yote, usikimbie kurudi nyumbani kwa kuogopa kisu. Saratani haingojei mtu.