Umeungua Kazini: Bahasha ya Bosi, WIBA au Mahakama?

Siku ya tisa wodini, bosi wa mdogo wangu alikuja na bahasha. Ndani mlikuwa na shilingi 30,000 na karatasi iliyochapwa vizuri: nimepokea fidia kamili, sina dai lolote tena. Karai la mafuta ya chipsi lilikuwa limeponyoka jikoni mwa hoteli yake, mafuta yakamuunguza kijana kuanzia begani hadi kiunoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi vidoleni, kwa hiyo bosi akatoa kidau cha wino na kupendekeza dole gumba la kushoto.

Mama akamwambia, "Tuachie hiyo karatasi, baba, tuisome."

"Mama, hii si ya kusoma. Ni ya kusaidia tu."

Basi tuipigie hesabu bahasha hiyo. Nchini Kenya, anayeumia kazini hulindwa na sheria ya mwaka 2007 ambayo kila mtu huiita WIBA. Huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alizembea; inatosha kwamba ajali imetokea ukiwa kazini, na hukujiumiza kwa makusudi. Ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 hulipwa mishahara ya miezi 96, na ulio chini ya hapo hulipwa kwa kadiri ya asilimia aliyoandika daktari. Mdogo wangu alikuwa akilipwa 18,000 kwa mwezi. Mara 96 ni 1,728,000. Daktari akiandika asilimia 15, anastahili 259,200. Akiandika 5 tu, bado ni 86,400, karibu mara tatu ya bahasha. Juu ya hapo kuna mshahara wa muda anaokaa nyumbani akiuguza, usiozidi miezi 12, na gharama za matibabu ambazo ni mzigo wa mwajiri. Kutokuwa na barua ya ajira hakumfanyi mtu asiwe mfanyakazi.

Njia hii haina karani wa mahakama wala wakili wa lazima. Unamwarifu mwajiri, naye ana siku saba za kuipasha habari idara ya usalama na afya kazini, DOSHS. Akipuuza, nenda mwenyewe. Dai likishafikishwa kwa mwajiri au kampuni yake ya bima, sheria inampa siku 90 kulipa. Hizo ni siku za kwenye karatasi. Wako waajiri wanaokaa kimya hadi mfanyakazi aende Mahakama ya Ajira kuomba tuzo yake itekelezwe. Usiporidhika na uamuzi wa mkurugenzi wa DOSHS, una siku 60 za kuupinga kwake, kisha siku 30 za kukata rufaa.

Kasoro kubwa ya WIBA naiona kwenye kipimo chenyewe. Inapima mshahara na kiungo, haipimi maumivu. Mhudumu wa hoteli anayelipwa kidogo, aliyebabuka shavu lakini vidole vyake vyote vinafanya kazi, atatoka na hela ambazo zitamkasirisha kila ajitazamapo kiooni. Zamani angekimbilia mahakama ya kawaida. Tangu Mahakama ya Juu ilipoiidhinisha sheria hii mwezi Desemba 2019, mlango huo umefungwa kwa madai dhidi ya mwajiri: ni WIBA kwanza. Anayekuahidi mamilioni kwa kumburuta bosi wako moja kwa moja mbele ya hakimu muulize maswali mawili matatu kabla hujatia sahihi popote.

Mahakama ni ya yule aliyeunguzwa na mtu asiyekuwa mwajiri wake: mteja aliyemwagiwa supu, mpangaji aliyenaswa na nyaya za mwenye nyumba, jirani aliyelipukiwa na mtungi wa gesi. Hapa fidia huweza kuwa nono zaidi, kwa sababu hakimu huangalia maumivu, makovu na matibabu yajayo. Lakini sharti uthibitishe uzembe. Ukionekana nawe ulichangia, tuseme kwa asilimia 20, tuzo ya 600,000 inashuka hadi 480,000 kabla wakili hajachukua chake. Kila shilingi uliyotumia inadaiwa kwa risiti, na nauli ya bodaboda isiyo na karatasi huenda ikapotea. Ukishindwa kesi, unaweza kubebeshwa gharama za mwenzako.

Dai lisilozidi milioni moja linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Huko unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Fidia ya majeraha imetajwa katika sheria yake, ingawa majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu mipaka yake. Uliza masijala kabla ya kulipa ada.

Kwa gesi, swali la kwanza ni nani wa kumshtaki. Tangu kanuni za mwaka 2019, mtungi hujazwa na mwenye chapa au aliyepewa idhini naye. Kwa hiyo usirudishe mtungi uliolipuka, wala regyuleta, wala mpira. Ndio ushahidi. Kumbuka mlipuko wa gesi wa Embakasi, Februari 2024: mamlaka ya nishati, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kituo mahali pale. Mtu anayejaza gesi kichochoroni huenda hana bima wala mali ya kukamatwa. Mimi ningemfuata mwenye bima kwanza, ikiwa sehemu yake katika kosa inathibitika, hata kama tuzo itakuwa ndogo.

Sasa mawakili. Mabroka huzunguka wodini na kadi mifukoni wakisema, tukishinda nichukue asilimia 30, tukishindwa basi. Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano ya kulipwa kwa ushindi peke yake. Taka barua inayosema ada ni kiasi gani, nani analipia ripoti ya daktari, na fedha za bima zitaingia akaunti ya nani. Hela zikiingia kwa wakili na zisitoke, Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili hupokea lalamiko lako bila malipo. Asiyejiweza aanzie Kituo cha Sheria, kinachosaidia maskini tangu mwaka 1973.

Jambo linalowaponza wengi ni kalenda. Kovu la moto huchukua mwaka au zaidi kutulia. Ngozi ya kwapa la mdogo wangu ilianza kujikunja mwezi wa tano, wakati sote tulidhani amepona, na leo hawezi kuinua mkono kufikia rafu ya juu. Lakini dai la WIBA lazima lifikishwe ndani ya miezi 12, na kesi ya uzembe ndani ya miaka mitatu. Kwa mtoto, muda wa kesi ya uzembe huanza kuhesabiwa akishakuwa mtu mzima. Fungua dai mapema, ila usikubali malipo ya mwisho kabla daktari hajaandika kina cha jeraha, asilimia ya mwili iliyoungua, kiungo kinavyokunjika, na upasuaji utakaohitajika. Paja lililotolewa ngozi ya kupandikiza nalo lina kovu; liandikwe. Piga picha kila mwezi, mahali pamoja, mwanga uleule.

Bahasha tuliirudisha bila alama ya dole. Nilipokwenda hotelini kuchukua tarehe za malipo ya mshahara, nikakuta cheti cha bima ya WIBA kimebandikwa ukutani, pembeni ya bei za chipsi na soseji. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akikipangusa mafuta kila Jumamosi.