Usione Zaruka, Zimeandaliwa

Wahenga walituusia tusione vyaelea, vimeundwa. Lau wangalijaliwa kuishi hadi zama za ndege, huenda wangaliongeza kwamba tusione zaruka, zimeandaliwa. Leo nataka kuzungumza nanyi, walimu na wanafunzi, juu ya kazi moja isiyo na mshahara wala sifa: kazi ya kuandaa mkutano wa ndege. Wala sisemi ndege hizi za abiria zinazotua Embakasi usiku na mchana. Nasema ndege kuukuu za kijeshi, zilizoundwa katika Muungano wa Kisovieti na katika nchi zilizofuata mkondo wake, ambazo sasa zimo mikononi mwa raia wa kawaida, wengi wao Wamarekani.

Naona baadhi yenu mnatabasamu. Mwalimu wa Kwale au Bungoma, mwenye darasa la wanafunzi sitini na vitabu thelathini, ana haja gani na mchezo wa watu wa California wenye fedha zao? Haja ipo, nami nitaieleza. Lakini kwanza tuzitazame ndege zenyewe, maana hazifanani na nyingine.

Iliyo maarufu zaidi kati yao ni Yak-52. Ndege hii iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ikaundwa kwa wingi katika mji wa Bacău, Romania, na kazi yake ilikuwa kuwafunza vijana wa Kisovieti urubani katika vilabu vya chama cha kujitolea kilichoitwa DOSAAF. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mwanafunzi hukaa mbele, mwalimu nyuma. Walioibuni waliwajua wanafunzi vizuri. Magurudumu yake yanapokunjwa hayaingii tumboni mwa ndege bali hubaki yamening'inia nje, hivi kwamba kijana akisahau kuyateremsha wakati wa kutua, chombo hukwaruzika kidogo tu na kesho yake mafunzo huendelea. Mimi nimefundisha kwa miaka mingi, na sijapata kuona kifaa kilichobuniwa kwa kumhurumia mwanafunzi msahaulifu kuliko hiki.

Nduguye wa Kichina ni CJ-6, iliyoruka kwanza Agosti 1958 na ambayo hadi leo imewafunza marubani wengi wa China. Kuna pia An-2 ya mwaka 1947, dude lenye mabawa mawili yaliyopandana, lililotumika kunyunyizia mashamba dawa, kubeba abiria kumi na wawili na kutua penye majani matupu. Ziliundwa zaidi ya 18,000. Na kwa wenye mifuko mizito iko L-39, ndege ya jeti ya mafunzo iliyobuniwa Chekoslovakia na kuruka mara ya kwanza Novemba 1968. Ethiopia ni miongoni mwa majirani zetu waliowahi kuitumia.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, majeshi na vilabu vya huko vilikosa fedha, na ndege zikauzwa. Mtu wa Marekani aliyetamani ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia kama Mustang alihitaji fedha nyingi mno. Yak-52 au CJ-6 aliipata kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Ndivyo makanika, madaktari, walimu na wanajeshi wastaafu walivyojikuta wakimiliki vyombo vya jeshi ambalo wengine wao walikuwa wamefunzwa kuliogopa. Dunia ni rangi rangile.

Tatizo ni kwamba chombo cha namna hii hakina jirani wa kukuelekeza. Vipimo vyake ni vya kilomita na mita ilhali rubani wa Marekani amezoea futi na noti. Maandishi katika chumba cha rubani ni ya Kirusi au Kichina. Injini ya Yak-52, ile M-14P yenye nguvu za farasi 360, ina silinda tisa zilizopangwa kwa mviringo kama njiti za gurudumu la baiskeli, na inazungusha rafadha kinyume cha injini za Kimarekani. Kwa hiyo ndege ikishika kasi uwanjani huvutika upande usiotarajiwa, na mguu uliozoea kukanyaga kulia hulazimika kujifunza kukanyaga kushoto. Breki, magurudumu na hata kuwashwa kwa injini hutegemea hewa iliyoshindiliwa katika mitungi. Hewa ikivuja usiku, asubuhi unayo sanamu, huna ndege.

Isitoshe, injini hizi zina kisa chao cha oili. Ndege ikikaa, oili huchuruzika polepole hadi kwenye silinda za chini. Anayewasha bila kuangalia, pistoni hukutana na oili isiyoshindilika, na chuma hupinda. Kwa sababu hiyo kila rubani wa ndege hizi huanza siku yake kwa kuizungusha rafadha kwa mikono, bawa baada ya bawa, akisikiliza na kupapasa kama daktari anayebonyeza tumbo la mgonjwa. Ujuzi huu huupati kwa kusoma kitabu peke yake. Huupata kwa kusimama kando ya aliyekutangulia. Na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mikutano: wenye ndege hukutana ili wafundishane.

Chama kinachojulikana zaidi huko ni Red Star Pilots Association, ambacho kwa miaka mingi kimewakusanya wanachama wake katika mji wa Porterville, California. Sasa jitieni katika viatu vya mwandalizi. Lazima ateue tarehe mapema sana, kwa kuwa ndege zilizosajiliwa kwa ajili ya maonyesho zina sharti: mwenye ndege huipelekea mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, barua ya kutaja mikutano anayokusudia kuhudhuria mwaka huo. Lazima apate uwanja wenye njia ndefu ya kurukia na meneja mwenye subira. Lazima apatane na wenye bima. Lazima kuwe na petroli ya ndege kwa wenye rafadha na mafuta ya taa ya jeti kwa wenye L-39, na lori la mafuta lisichanganye haya mawili hata kwa dakika moja. Atafute kamba na vigingi vya kufungia ndege upepo ukivuma. Atafute makaratasi magumu ya kutandika chini ya injini, maana zitadondosha oili, na meneja atauliza. Atafute mitungi ya hewa, mara nyingi ile ile wanayotumia wapiga mbizi, ili awafufue wale ambao hewa yao imevuja usiku. Kisha achore mstari ambao mtazamaji hatauvuka, kwa kuwa rafadha ikizunguka haionekani, na mtoto aliyeponyoka mkono wa mamaye hajui hilo.

Hayo yote ni ya ardhini. La angani ni zito zaidi. Marubani hawa hawaji kuruka mmoja mmoja. Huja kujizoeza kuruka kwa kundi, mbili mbili, nne nne, bawa karibu na bawa. Hebu fikirini maana yake. Aliye pembeni hatazami ardhi, hatazami mlima, hatazami saa zake ila kwa kuiba jicho. Anamtazama kiongozi tu, na anapokwenda kiongozi ndipo anapokwenda yeye. Januari 1982, huko Nevada, marubani wanne wa kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la Marekani walikuwa wakijizoeza. Jeshi lilieleza baadaye kwamba mtambo wa kuongozea ndege ya kiongozi ulikwama, akashindwa kuinua pua ya ndege yake. Wote wanne waligonga ardhi. Hakuna aliyekuwa mzembe kati ya wale watatu. Walikuwa wakifanya hasa kile walichofunzwa.

Kwa hiyo mtu hajiungi na kundi kwa kuwa ana ndege nzuri au urafiki na mwandalizi. Kuna utaratibu wa pamoja wa vyama vya wenye ndege za kale, uitwao FAST, ambao humtahini rubani angani na kumpa cheti: kwanza cha kumfuata kiongozi, kisha, baada ya mazoezi mengi, cha kuongoza. Asiye na cheti hicho haruki kwa kundi katika maonyesho ya hadhara. Kila asubuhi kuna kikao kabla ya kuruka. Hali ya hewa, masafa ya redio, nani kiongozi na nani atashika nafasi yake akipata hitilafu, mafuta yakifikia kiasi gani wote warudi, ishara za mikono redio ikifa, na hasa hili: ukiacha kumwona mwenzako, ufanye nini, uelekee wapi, useme neno gani. Baada ya kutua kuna kikao cha pili, na hapo kiongozi huanza kwa kutaja dosari zake mwenyewe kabla ya kugusa za wengine. Tajiri na fundi husikilizwa sawasawa. Jioni, chakula na vicheko. Lakini anayetaka kuruka kesho asubuhi huiacha chupa mapema, kwa sababu sheria ya huko inataka zipite saa nane tangu alipokunywa mara ya mwisho.

Je, ni kujitesa bure? Tarehe 12 Novemba 2022, katika maonyesho ya ndege za vita mjini Dallas, ndege mbili za Kimarekani za Vita vya Pili, B-17 na P-63, ziligongana mbele ya umati na watu sita wakafa. Wachunguzi wa serikali walihitimisha kwamba chanzo kilikuwa ni kukosekana kwa mpango wa kutosha, uliojadiliwa kabla ya kuruka, wa kuzitenganisha ndege. Badala yake msimamizi alikuwa akitoa maelekezo kwa redio papo kwa papo, na marubani wakitarajiwa kuonana na kuepukana. Soma tena sentensi hiyo, mwalimu mwenzangu. Kilichokosekana ni mpango uliosemwa mapema.

Hapa ndipo ninapowageukia. Sisi katika shule zetu huandaa mashindano ya riadha, tamasha za drama, kongamano za sayansi, safari za kwenda Fort Jesus na Ziwa Nakuru. Tunawapakia watoto wa watu katika basi alfajiri. Ni wangapi kati yetu huketi na dereva usiku wa kuamkia safari tukamwuliza amelala saa ngapi? Ni shule ngapi humwachia mwalimu mmoja orodha ya majina, fedha, chakula na dawa, kisha mambo yakienda vizuri tunamshukuru mwalimu mkuu? Nasema uandalizi ni taaluma, na wanafunzi wanastahili kufunzwa kwa kuutenda: kiranja apewe safari aipange, aisimamie kikao cha kabla, na kile cha baada, ambacho kwetu ni nadra kama theluji ya Mombasa.

Lakini sitakuwa mkweli nikiishia kwa sifa. Nyota nyekundu iliyochorwa ubavuni mwa ndege hizi si pambo tu, hasa kwa macho ya mtu wa pande zetu. Oktoba 1978 ndege za MiG za Idi Amin ziliangusha mabomu Bukoba. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, nayo ya Kisovieti, ilikusudia kuipiga Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane na kuua swala. Na mjini Hargeisa, katikati ya mji, kuna MiG-17 iliyowekwa juu ya mnara. Haikuwekwa kwa kupendwa. Ni ukumbusho wa mwaka 1988, wakati ndege za serikali ya Siad Barre zilipopaa kutoka uwanja wa mji huo huo na kuupiga mji huo huo, wenyeji wakikimbilia Ethiopia kwa miguu.

Kuna wanaosema kwamba kwa sababu hiyo vyombo hivi visirushwe kwa furaha mahali popote. Sikubaliani nao. Yak-52 na CJ-6 ni ndege za shule, na kuzitunza ni kutunza maarifa ya mikono ambayo yakipotea hayarudi. Lakini nawataka wenye mikutano waweke, kando ya kila ndege, maelezo ya alikotoka chombo na kilichofanywa na wenzake. Mtoto anayepandishwa kitini apigwe picha, aambiwe pia habari za Hargeisa. Kama atauliza swali gumu, mkutano umefanya kazi yake.

Wala historia hiyo haijafungwa. Mwaka 2024, katika vita vilivyoanza Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine kwa majeshi yake yote, Waukraine waliichukua Yak-52, ndege ya wanafunzi, wakamweka mtu mwenye bunduki katika kiti cha nyuma, kile cha mwalimu, na kuitumia kuzidungua ndege zisizo na rubani za Kirusi. Chombo ambacho Wasovieti walikibuni kuwafunzia vijana wao kikageuzwa dhidi ya jeshi la Urusi.

Huko California, Jumapili mchana, ndege huondoka moja moja. Mwandalizi hukunja makaratasi yaliyolowa oili, hurudisha mitungi ya hewa, hulipa deni la mafuta. Kisha huketi kando ya simu na orodha ya majina, akiyapiga alama kadiri wenzake wanavyompasha kwamba wamefika. Mwandalizi mwema haendi nyumbani kabla ya jina la mwisho.