Televisheni Inayokutazama

Zamani tangazo la biashara katika televisheni lilikuwa moja kwa watazamaji wote. Siku hizi, televisheni yenye intaneti yaweza kuweka habari za kila kipindi unachokitazama. Wewe mpenda mpira utaonyeshwa viatu. Jirani yako, saa ile ile, ataonyeshwa sufuria.

Je, uliulizwa? Huko Marekani, kampuni ya Vizio ilichukua habari hizo, sekunde kwa sekunde, katika televisheni milioni 11, ikaziuza, na wenyewe hawakuelezwa sawasawa. Serikali ikaishtaki. Mwaka 2017 ikakubali kulipa dola milioni 2.2, yaani senti 20 tu kwa kila televisheni!

Ukiiwasha mara ya kwanza, utaona maandishi marefu, kisha neno “Nakubali”. Usibonyeze upesi. Soma kwanza, mara nyingi ruhusa hiyo waweza kuikataa.