Pampu Ilikuwa kwa Bwana

Msomaji, ukiwaona mume na mke wakipita Mugutha kwa baiskeli, mizigo imefungwa kwenye keria, usidhani wamekosa nauli ya matatu. Barabara hii ya Thika, iliyomalizika kupanuliwa mwaka 2012, ndiyo mwanzo wa safari ndefu ya kutoka Nairobi kwenda Nanyuki, Isiolo, hadi Moyale mpakani.

Siku ya kwanza huwa ngumu, wala si kwa sababu ya milima. Mabwana (msininunie!) hupenda kutangulia. Mmoja niliyezungumza naye alifika Juja akitabasamu, akageuka: bibi hayupo. Alikuwa amebaki Mugutha na pancha, malori yakimpita kwa vishindo. Bwana alirudi mbio, moyo mkononi. Siku hizi bibi ndiye hutangulia, na pampu huibeba yeye.