Mbwa anayechafua nyumba akiwa peke yake asichapwe

WAFUGAJI wengi wa mbwa mijini, wakirudi jioni na kukuta kinyesi sebuleni, hukimbilia fimbo. Hilo ni kosa. Mbwa anayejisaidia ndani pale tu anapoachwa peke yake mara nyingi ameshikwa na hofu, wala si ukaidi. Akichapwa saa kadhaa baadaye hawezi kujua sababu. Hofu huzidi, na wengine hula kinyesi chao.

Kwanza aonwe na daktari wa mifugo, kwani minyoo na maradhi ya tumbo huweza kuleta dalili hizo. Akiwa mzima, azoeshwe upweke taratibu: mwenyewe atoke dakika 1, arudi kabla mbwa hajaanza kulia, kisha aongeze muda. Atembezwe kabla ya kuachwa, na kinyesi kizolewe mara kinapoonekana.