Swichi Inapouliza Wewe ni Nani

Watoto wa Awendo, mmeyaona matrela ya miwa yakipanga foleni kuingia kiwanda cha sukari cha SONY. Kila trela lazima lipimwe, maana mkulima hulipwa kwa uzito wa miwa yake. Sasa tuseme uzito huo unasafiri kwa waya, kutoka kompyuta ya mizani hadi ya mhasibu. Njiani utapita ndani ya swichi: kisanduku bapa chenye safu ya matundu na vitaa vya kijani vinavyopepesa. Swichi hukariri ni kompyuta gani imechomekwa tundu gani, na kila ujumbe huupeleka kwa mwenyewe.

Anayeruhusiwa kuiamrisha anaweza kufunga tundu la mizani, au kuamuru kila kinachopita hapo kinakiliwe kwenye tundu jingine. Kwa hiyo mtu akitaka kuingia, swichi humuuliza jina na nenosiri. Kila akaunti pia ina ngazi yake. Katika swichi nyingi za Cisco ngazi huanzia 0 hadi 15: wa ngazi ya 1 hutazama tu, wa 15 hufanya lolote.

Je, nenosiri lenyewe linakaa wapi? Hapo pana kisa. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, watu wengi walitumia kompyuta moja kubwa. Fernando Corbató na wenzake walikuwa wamempa kila mmoja nenosiri na muda wake. Mwanafunzi aliyeitwa Allan Scherr alipewa saa 4 kwa wiki, nazo hazikumtosha. Ijumaa moja usiku akaacha kadi yenye matundu ya kuiagiza kompyuta ichapishe faili la maneno siri yote. Kompyuta ikatii! Jumamosi asubuhi akaokota karatasi zake, akaanza kuingia kwa majina ya wenzake. Alificha siri hiyo kwa miaka mingi.

Kosa lilikuwa kuyaweka maneno yale wazi, yakisomeka. Swichi iliyopangwa vizuri hulisaga nenosiri kwa hesabu maalumu na kuhifadhi matokeo tu. Muwa uliokwisha kupita kwenye vinu haurudi kuwa muwa, na nenosiri lililosagwa halirudi kuwa nenosiri. Ukija kesho, swichi inasaga ulichoandika, inalinganisha na kile ilichokihifadhi, kisha inakufungulia au inakukatalia. Lakini mwizi aliyeiba matokeo hayo anaweza kusaga maneno yote ya kawaida, jina lako na mwaka wako wa kuzaliwa pia, hadi apate yanayolingana. Ndiyo sababu nenosiri liwe refu na lisilotabirika.

Nenosiri ambalo swichi huja nalo kutoka kiwanda kilichoiunda libadilishwe siku ile ile kifaa kinapofunguliwa. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikijaribu majina na maneno siri ya kiwandani yapatayo 60, ikateka kamera na ruta kwa maelfu. Oktoba 21 vifaa hivyo viliishambulia kampuni ya Dyn, iliyotegemewa na tovuti nyingi ili zipatikane mtandaoni, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifunguki kwa watu wengi.

Kuna ofisi ambako mafundi wote hutumia akaunti moja. Mimi nalipinga jambo hilo kabisa. Tundu la mizani likifungwa saa tatu usiku, kumbukumbu zitaonyesha jina moja tu, na fundi asiye na hatia atashukiwa pamoja na mwenye kosa.

Mashirika makubwa huweka akaunti zote kwenye seva moja ya mbali. Ni vizuri: fundi akiacha kazi, anafutwa mara moja kila mahali. Lakini huku kwetu, karibu na Ziwa Victoria, radi ni nyingi. Waya wa kwenda kwenye seva ukikatika, swichi haina wa kumuuliza. Basi iachiwe akaunti moja ya dharura ndani yake yenyewe. Nenosiri lake liandikwe, lifungwe kwenye bahasha na kuwekwa ndani ya sefu. Na likishatumika, libadilishwe.