Amri, Mashua na Askari: Jinsi Mkataba wa 1873 Ulivyotekelezwa

Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo manowari ya Kiingereza, Briton, ilishusha hapa Durban watu 113 waliookolewa majahazini. Wengi wao walikuwa Wamakua wa Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Unguja waliitwa Wazanzibari, na wajukuu wao wangali wakiitwa hivyo. Basi habari ya utekelezaji wa sheria ile yatuhusu hata sisi tunaokaa Berea.

Kuandika sheria kulikuwa rahisi kuliko kuilinda. Pwani ya dola ya Unguja ilitoka Rasi Delgado hadi Banadir, yenye mikoko na bandari bubu zisizo idadi. Mwaka 1874 Waingereza waliiegesha Unguja manowari kuukuu, London, iliyoundwa 1840, iwe makao, karakana na hospitali. Doria yenyewe ilifanywa na mashua zake: mabaharia wachache, mkalimani, maji na chakula cha siku kadhaa, hasa kandokando ya Pemba.

Uchache huo ulikuwa na gharama yake. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Brownrigg, akiwa katika mashua ya moshi pamoja na watu wachache, alilisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Kifaransa. Waingereza hawakuwa na haki ya kupekua vyombo vya Ufaransa, hivyo alikwenda kutazama hati tu. Akashambuliwa, akauawa.

Bahari ilipobanwa, misafara ilishika njia ya nchi kavu kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Sayyid Barghash akatoa amri mwaka 1876 kuikataza. Lakini nani wa kuisimamia? Askari wake wa zamani, Wabulushi na Washihiri, walikuwa chini ya majemadari, na kazi yao ilikuwa kulinda ngome na mji. Mwaka 1877 akamkabidhi Luteni Lloyd Mathews, aliyetoka London, kuunda jeshi jipya la Waafrika, lenye mazoezi na sare. Serikali ya Uingereza ikatoa bunduki za Snider. Kutoka mamia, jeshi likazidi elfu moja, na kituo kikawekwa Mamboya, ndani kabisa ya bara.

Hapo ndipo tunapoona mpaka halisi wa amri: ulifika pale askari walipoweza kulishwa, kulipwa na kupelekewa risasi. Nje ya vituo hivyo sheria ilikuwa karatasi. Wanaotafuta nasaba za jamaa zao wazingatie hili: mtu aliyekamatiwa baharini huenda aliandikwa na kupewa karatasi, mwenziwe aliyepitishwa bara mwaka ule ule huenda hakuandikwa popote. Kimya cha nyaraka si ushahidi kwamba hakuwapo.